Avokado Iliyokuozea Jikoni Iliingiliwa Kitambo, Ikiwa Bado Mtini

Niambie kama hii haijawahi kukupata. Umetoka kazi, umepitia kwa mama mboga, umechagua avokado moja safi, nyeusi, laini kidogo ukiibonyeza. Umefika keja, umepasha githeri, umeshika kisu. Ukaikata na ndani ni kahawia, ina nyuzi nyeusi na madoa yaliyolegea kama sabuni iliyokaa majini. Hapo hapo ukamlaani mama mboga na kuapa hutawahi kurudi kwake.

Mimi nimekushinda. Mimi nilimpigia simu shosho wa miaka sabini na kitu kule Maili Kumi na kumwambia ameniuzia takataka. Nilikosea, na ilinichukua miezi miwili kujua nilikosea wapi. Ndiyo maana naandika hii, ndio wewe usirudie.

Pesa zilivyoenda

Kama unanifuata kitambo unajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika, nikarudi Nakuru, nikaanza kuandika na kufanya hasla ndogondogo. Nimeuza mitumba, nimeuza vifuniko vya simu, nimepiga picha za bashdei. Mwaka jana mwezi wa sita nikaona watu wote mtandaoni wanaongea kuhusu avokado, ati ni dhahabu ya kijani. Nikasema basi na mimi.

Hesabu ilikuwa rahisi. Unapanda matatu za barabara ya Nyahururu, unashuka Maili Kumi, unaingia ndani Bahati. Huko kila boma lina mti. Nilimpata shosho mmoja mwenye miti kumi na moja ya Hass, mikubwa, imejaa mpaka matawi yanagusa chini. Tulikubaliana shilingi 14 kwa tunda. Nikachukua matunda 500, hiyo ni 7,000. Nusu ya hiyo pesa ilikuwa yangu, nusu nilikopa kutoka kwa chama ya mathe. Usafiri ukakula 800. Jumla 7,800.

Matunda 200 niliuzia kijana mmoja wa smuthi hapa mjini kwa 25 kila moja. Akanilipa 5,000 siku hiyo hiyo kwa M-Pesa. Mengine 300 nikayaweka kwa magunia mawili chini ya kitanda, Free Area, nikingoja yaive.

Siku ya sita simu ikalia. "Buda, hii kitu yako imeoza." Nikaenda mbio. Alikuwa amekata 130 ambazo hazifai hata kwa nguruwe. Nikamrudishia 3,250. Nikarudi keja kufungua magunia yangu. Kutoka kwa zile 300 niliokoa 110, nikaziuza mbao kila moja, nikapata 2,200. Zingine 190 niliziweka kwa gunia, nikalibeba usiku hadi kwa jaa ili majirani wasinione.

Piga hesabu mwenyewe. Nilitoa 7,800, nikabaki na 3,950. Hasara ya 3,850, na chama ya mathe inangoja pesa yao Jumapili.

Ndipo nikampigia shosho. Sitaandika yote niliyosema. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kitu kimoja: "Kijana, uliyachuma na mikono yako, ukayaangalia moja moja. Ulipoondoka hapa kulikuwa na tunda limeoza?" Akakata simu. Nilipopiga tena, hakushika.

Swali lake lilinikaa. Kwa sababu ukweli ni kwamba hakukuwa na hata moja. Yote yalikuwa ya kijani, magumu kama mawe, ngozi safi. Sasa kuoza kulitoka wapi?

Mgeni anayeingia na mvua

Nina rafiki anayesomea kilimo. Nilimwonyesha picha ya tunda lililokatwa, na yeye hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza, "Hilo tunda lilikuwa dogo mwezi gani?" Nikadhani hajanielewa. Mimi naongea kuhusu kuoza kwa mwezi wa sita, yeye ananiuliza kuhusu tunda likiwa saizi ya kidole gumba.

Kumbe ndilo swali lenyewe. Nifuate polepole hapa.

Kuna kuvu inayoitwa Colletotrichum. Ugonjwa wake huitwa anthraknosi, na ndugu zetu wa Tanzania huuita chule. Kuvu hii hukaa kwenye matawi yaliyokauka, majani yaliyokufa, na yale matunda madogo meusi yaliyonyauka na kukataa kuanguka. Mvua ikinyesha, matone yanagonga pale, na vijimbegu vidogo sana vya kuvu, visivyoonekana kwa macho, vinarushwa na maji hadi kwa matunda machanga yaliyo karibu.

Kijimbegu kikitua kwa ngozi ya tunda iliyolowa, kinachipua. Kinajibandika kwa nguvu, kisha kinatoboa kwa kitu chembamba kuliko unywele na kuingia kwenye nta na ngozi ya juu. Halafu kinasimama. Hakiendelei, hakiozeshi, hakiachi doa. Kinakaa pale wiki, miezi, tunda likikua nacho.

Kwa nini kisimame? Kwa sababu avokado mbichi ina ulinzi wake. Ngozi yake ina kemikali ya asili inayozuia kuvu kukua. Watafiti wa taasisi ya Volcani nchini Israeli, Dov Prusky akiwa mmoja wao, walianza kuichambua kemikali hiyo miaka ya mwanzo ya 1980. Walichogundua ni kwamba tunda likiwa gumu, kemikali iko nyingi na kuvu imelala. Tunda likianza kuiva, kemikali inapungua. Ikishuka kiasi fulani, kuvu inaamka na kuanza kula.

Sasa jua kitu kingine kuhusu avokado: haiivi mtini. Inaweza kukomaa na kuning'inia pale wiki nyingi ikiwa ngumu, lakini kulainika kunaanza ikishachumwa. Ukiunganisha hayo mawili utaelewa kilichonipata. Siku niliyochuma ndiyo siku niliyoanzisha saa. Siku tano, sita baadaye matunda yakalainika, ulinzi ukashuka, na kila kuvu iliyokuwa imelala tangu mvua za nyuma ikaamka wakati mmoja, chini ya kitanda changu.

Na mvua hatukosi. Nairobi wanazoea misimu miwili, mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za mwisho wa mwaka. Huku Nakuru na Bonde la Ufa ya kati Agosti pia hunyesha vizuri. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni baraka. Kwa kuvu ya avokado ni nafasi ya tatu ya kuingia.

Kuna kundi lingine pia. Kuvu hizi zinaishi ndani ya matawi yenyewe bila kuusumbua mti, unaweza kuuona mti mzima wa afya kabisa. Zenyewe zinapitia kwenye kikonyo. Ukinyofoa tunda bila kikonyo, umeacha kidonda wazi, na kuoza kunaanzia juu kushuka chini. Mimi nilinyofoa yote 500 kwa mkono. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza.

Shosho aliijua kupitia kahawa

Agosti nikafunga safari kurudi Bahati. Sikupiga simu kwanza kwa sababu nilijua hatashika. Nilibeba sukari kilo mbili na mkate, nikasimama kwa lango kama mtoto aliyevunja sahani.

"Shosho, nimekuja kuomba msamaha."

Aliniangalia kidogo. "Umekula?"

Sijala, nikasema. Akaniwekea chai na viazi. Hatukuongea kuhusu matunda mpaka nimalize. Kisha nikamweleza yote niliyoambiwa, kuvu, mvua, kulala, kuamka. Nilidhani namfundisha. Akacheka.

"Hiyo ni kama ile ya kahawa," akasema.

Nilikuwa sijui lolote. Nilipofika nyumbani nikatafuta, na nikapata shosho ako sawa kuliko mimi. Ugonjwa unaooza matunda machanga ya kahawa yakiwa bado mtini unaletwa na kuvu ya ukoo huohuo, Colletotrichum kahawae. Na unajua ulitambuliwa mara ya kwanza wapi duniani? Hapa Kenya, mwaka wa 1922. Ulisumbua wakulima miaka mingi mpaka watafiti wetu wakatoa aina ya kahawa inayoustahimili, Ruiru 11, mwaka wa 1985. Shosho na mzee wake walikuwa na kahawa wakati huo. Alikuwa amepiga dawa ya shaba na pampu ya mgongoni kabla mathe wangu hajaolewa.

Lakini hakuwahi kufikiria kwamba avokado nayo inahitaji kuangaliwa. Na si yeye peke yake. Mti wa avokado katika boma nyingi ulipandwa kwa kivuli na kwa chakula cha watoto. Haukupogolewa, haukupigwa dawa, haukuhesabiwa. Pesa zilipokuja, zilimkuta mti ukiwa vile ulivyokuwa.

Tulienda nyuma ya nyumba, akanionyesha. Ndani ya kila mti, pale jua halifiki, kulikuwa na matawi makavu mengi na yale matunda madogo meusi yamening'inia. Nilikuwa nimepita chini yake mwezi wa sita na sikuona kitu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa matunda makubwa tu.

Mbona Hass inakudanganya

Kama unanunua mjini, hii ni yako.

Kuna aina mbili utakutana nazo sana. Fuerte ni ile ya ngozi nyororo inayobaki kijani hata ikiiva. Hass ni ile ya ngozi ngumu yenye vipele, inayogeuka zambarau hadi nyeusi. Fuerte inashikwa na ugonjwa huu haraka kuliko Hass, lakini angalau inakuonyesha: madoa meusi yanatokea wazi kwenye kijani.

Hass inaficha. Ugonjwa ni mweusi na ngozi ya kuiva ni nyeusi. Ukiangalia kwa macho hutaona. Itabidi utumie kidole, lakini si kuifinya kama unakamua chungwa, kwa sababu hiyo ndiyo inaharibu tunda la mwenzako. Ibebe kiganjani, izungushe, ubonyeze taratibu. Tunda lililoiva vizuri hulainika sawasawa pande zote. Ukipata sehemu moja imebonyea na zingine bado ngumu, hapo kuna kitu. Kikonyo nacho, ukikibandua kidogo chini yake kukiwa kweusi na kunalowa, weka chini uchukue ingine.

Na usimkasirikie mama mboga. Yeye alinunua likiwa gumu na safi, kama mimi. Anaponunua debe anabahatisha kama wewe unavyobahatisha.

Kutoka Bahati hadi Ulaya

Unaweza kusema hizi ni shida za wauzaji wadogo. Hapana. Kenya ni kati ya wauzaji wakubwa wa avokado ya kupeleka nje barani Afrika, na mengi yanaenda Ulaya kwa meli kutoka Mombasa. China nayo ilianza kupokea avokado zetu mbichi mwaka wa 2022. Kontena lina ubaridi wa digrii tano hadi saba hivi, na kazi ya ubaridi ule ni kuchelewesha kuiva. Baridi hailiui kuvu. Inalifanya lilale zaidi tu.

Ndiyo maana safari ikirefuka, hasara inapanda. Kuanzia mwisho wa 2023, meli zikashambuliwa Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule chini Afrika Kusini. Safari ya Ulaya ikaongezeka wiki kadhaa. Tunda ambalo lingefika likiwa gumu likawa linafika likiwa limeanza kulainika, na wewe sasa unajua nini huamka tunda likilainika.

Anayelipia ni nani? Mnunuzi wa kule akifungua kreti na kukuta zimeoza, anakata bei. Anayepeleka nje anakata bei kwa broka. Broka anakuja Bahati na kumwambia shosho kwamba bei imeshuka. Shosho hajawahi kuona hiyo kontena. Nami nilifanya kile kile kwa kiasi changu kidogo: kijana wa smuthi alinikata mimi, nami nikataka kumkata shosho. Kila mtu anamlaumu aliye nyuma yake, na aliye mwisho kabisa hana wa kumlaumu ila mvua.

Kuna hii pia ya kuchuma mapema. Broka wengine wanakimbilia bei na kuchuma matunda ambayo hayajakomaa, wakitumia fimbo ama kutikisa matawi. Tunda lisilokomaa haliivi vizuri. Linanyauka, linakuwa kama mpira, na linaozea kwenye kikonyo. Lililoanguka chini limepata mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mlango. Idara ya serikali inayosimamia mazao ya bustani imekuwa ikifunga uvunaji wa kupeleka nje kwa meli karibu kila Novemba kwa miaka kadhaa sasa, kwa sababu hiyo hiyo ya matunda machanga. Watu hulalamika kila mwaka. Mimi pia nililalamika, kabla sijabeba gunia langu usiku.

Na epo je?

Kuna mtu atasema yeye hali avokado, anakula matufaha, ama maepo kama tunavyoita pale steji. Pole. Mengi yanayouzwa hapa hutoka Afrika Kusini na yamekaa kwenye baridi kwa muda kabla ya kukufikia. Ndani yake kuna hadithi hiyo hiyo.

Geuza tufaha uangalie chini, pale maua yalipokuwa. Aina zingine, kama Red Delicious, huacha tundu dogo wazi pale. Kuvu kama Alternaria huingia wakati mti bado una maua, zikakaa karibu na mbegu. Unakula tufaha jekundu linalong'aa, unafika katikati unakuta ukungu wa kijivu. Hakuna aliyeliangusha. Liliingiliwa kabla halijawa tunda.

Lakini kwa tufaha kuna jambo moja zito zaidi, na hili nawaambia hasa marafiki zangu wa smuthi na juisi. Kuna kuvu ya buluu na kijani inayoitwa Penicillium expansum, inaingia kwenye vidonda vya tufaha. Hiyo hutoa sumu inaitwa patulini. Viwango vya kimataifa vinasema juisi ya tufaha isizidi mikrogramu 50 kwa kila kilo. Sumu hiyo haionekani, na kuchemsha hakuiondoi yote. Kwa hivyo ile tabia ya kununua matufaha yaliyooza kwa bei ya kutupa, kukata upande mbaya, na kusaga upande mzuri, iache. Sumu inaweza kuwa imepita mpaka uliouona na kisu.

Sikutishi bure. Nchi hii inajua kuvu inaweza kufanya nini. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoingia sumu ya aflatoksini kule Makueni, Kitui na maeneo jirani yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317. Kuvu ya avokado si hiyo na haijulikani kwa sumu ya aina hiyo. Lakini chakula kilichooza si cha kubahatisha nacho. Avokado ikiwa na doa dogo kata upana ule. Ikiwa imeenea ama inanuka, tupa.

Tulichofanya na shosho

Sasa sehemu ya kazi. Kama una shamba nyumbani, ama una mtu ocha mwenye miti, msomee hii.

Kwanza, tulipogoa. Baada ya mavuno, mimi na wajukuu zake wawili tulipanda na msumeno, tukatoa kila tawi kavu na kila tunda jeusi lililonyauka. Tukafungua katikati ya mti jua na upepo vipite, ndio ngozi za matunda zikauke haraka baada ya mvua. Tulichotoa tulikichoma mbali na miti. Siku tatu nzima. Mikono yangu ya kubonyeza simu ilijua haijui.

Pili, dawa ya shaba. Hii hupigwa matunda yakiwa machanga na mvua zikikaribia, kwa sababu lengo ni kuzuia vijimbegu visiingie. Ukipiga tunda likishakomaa umechelewa, mgeni yuko ndani. Usipime kwa kofia ya chupa. Soma karatasi, na uongee na afisa wa kilimo wa wadi yako. Kama unatafuta ushauri wa miche na matunda, KALRO wana kituo chao cha mazao ya bustani Kandara. Na Egerton iko hapo Njoro, inafundisha kilimo tangu 1939. Hatukosi watu wa kuuliza, tunakosa kuuliza.

Tatu, kuchuma. Tunda linakatwa na makasi, unaacha kipande kidogo cha kikonyo. Huchumi asubuhi kukiwa na umande ama mvua ikiwa imetoka kunyesha, unangoja yakauke. Halianguki chini. Haliingii kwa gunia, linaingia kwa kreti. Gunia linabana, linakwaruza, na linafungia joto.

Nne, hii ndiyo nzuri kuliko zote na haina gharama. Kampuni zinazopeleka matunda nje huweka sampuli kutoka kwa kila mzigo, zikayaacha yaive ndio wajue mzigo ule utafikaje. Nikajiuliza, mbona mimi nisifanye hivyo kabla ya kununua? Kumbuka avokado haiivi mtini. Mti ni stoo. Kwa hivyo mwaka huu mwezi wa tano nilichuma matunda kumi kutoka miti tofauti ya shosho, nikayalipia, nikayaweka kwa boksi keja, nikaandika tarehe. Siku ya nane nikayakata yote. Moja lilikuwa na doa karibu na kikonyo. Tisa yalikuwa safi, ya kijani na manjano mpaka kwa kokwa.

Nikarudi Maili Kumi na kreti.

Siwezi kukuambia ni msumeno ndio ulifanya ama ni dawa ama ni mvua ya mwaka huu tu. Msimu ni tofauti na msimu. Lakini kijana wa smuthi alichukua 200, akarudia 200 zingine, na hajanipigia simu ya siku ya sita. Ninayoyapata yaliyooza sasa nayajua mapema, nayahesabu, na nayaweka kwenye bei.

Chama ya mathe nilimaliza kulipa Septemba mwaka jana, kwa pesa ya picha za harusi. Kwa shosho nililipa na msumeno. Bado ananiuzia kwa 14, ingawa majirani zake walipata broka wa 16. Nilimwambia mwaka huu nitamlipa 17. Akasema tutaona nikifika, na nibebe ule msumeno tena, kuna mti wa kumi na mbili kule nyuma hatukuumaliza.